Maswali ya Wasomaji: Hadikoo kwa Sikio la Pili

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu hadikoo, yaani ule muziki wa panki uliokazwa kasi na kufupishwa huko Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. (Panki ya muziki, si ile ya kinyozi.) Waandishi wengi ni watu waliosikiliza mara moja, wakaziba masikio, na sasa wanataka kurudi. Tumechagua zile zenye tatizo linaloshikika.

Shikamooni. Niliambiwa kwamba *Damaged* ya Black Flag ndiyo mlango wa hadikoo. Nimeisikiliza kwenye simu mara mbili, nasikia kelele tu, kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Kasoro iko kwangu? — Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba. Kasoro haiko kwako. Umeingilia mlango wa uani, tena umeingia na spika ya simu.

Tuanze na spika. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti nzito. Besi na teke la dramu (ile kubwa ya mguu) vinapotea karibu vyote, kinachobaki ni gitaa lililokwaruzwa na matasa (yale mabamba yanayogongwa pembeni ya dramu), na hivyo viwili vinagombania sehemu ileile ya juu. Muziki wa taarab ukiondolewa besi bado una sauti ya mwimbaji mbele. Hadikoo ikiondolewa besi inabaki vumbi. Tafuta spika za masikioni za waya, hata za bei ya chini, mradi zizibe sikio vizuri.

Pili, *Damaged* ya 1981 ina magitaa mawili yaliyorundikwa, ya Greg Ginn na Dez Cadena, na mwimbaji Henry Rollins aliyekuwa amejiunga mwaka huohuo. Imechanganywa kwa tope. Ni albamu kubwa, ila si ya kuanzia. Anza na santuri ndogo ya kwanza ya Minor Threat, pia ya 1981: nyimbo 8, haifiki dakika 10, na kila chombo kinasikika peke yake kwa sababu Don Zientara wa studio ya Inner Ear alirekodi kwa usafi na bila mapambo. Isikilize mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza fuata dramu ndogo tu. Mara ya pili fuata gitaa, utagundua kwamba karibu kila wimbo una sehemu mbili au tatu, siyo moja. Mara ya tatu shika maneno yaliyoandikwa mkononi, maana kwa kasi ile hata Mmarekani hayashiki yote.

Kutoka hapo nenda *Group Sex* ya Circle Jerks (1980): nyimbo 14 katika dakika 15 hivi. Mwimbaji wake, Keith Morris, ndiye aliyeimba kwenye *Nervous Breakdown*, santuri ya kwanza ya Black Flag, nyimbo nne tu. Ukishaimaliza hiyo, rudi *Damaged*. Anza na "Rise Above", kisha "TV Party" ambayo ni dhihaka tupu, na ule wimbo wa mwisho uache kwa siku nyingine.

Kwa nini mashabiki wengine wanachora X kubwa mgongoni mwa mkono? — Nakuru

Ilikuwa alama ya mlangoni. Vijana wa The Teen Idles kutoka Washington walikwenda kupiga muziki San Francisco wakiwa chini ya umri wa kuuziwa pombe. Klabu ikawachora X ili mhudumu wa baa awatambue. Wakairudisha alama hiyo nyumbani kama hoja: turuhusuni tuingie kwenye maonyesho, hatutaomba pombe. Wimbo "Straight Edge" wa Minor Threat, wenye sekunde 46 tu, ndio ulioipa alama maana ya kukataa ulevi kabisa. Vuguvugu zima limejengwa juu ya sekunde hizo 46, nayo ni kazi kubwa kwa kitu kinachokwisha kabla chai haijapoa.

Wahariri, habari za kazi. Nina CD ya *Rock for Light* ya Bad Brains. Rafiki yangu ana santuri ya zamani ya albamu hiyohiyo. Kwenye CD yangu mwimbaji anasikika kama katuni, na nyimbo zimepangwa tofauti. Nimeuziwa feki? — Fundi redio, Mombasa

Si feki, ndugu. Hizo ni albamu mbili zenye jina moja. Ya kwanza ilitoka 1983, prodyuza akiwa Ric Ocasek wa The Cars. Mwaka 1991 ilitolewa upya baada ya Ocasek na mpiga besi Darryl Jenifer kuichanganya tena. Mpangilio ukabadilishwa, zikaongezwa nyimbo, na utepe ukaongezwa kasi. Utepe ukienda kasi sauti zote hupanda pamoja, kwa hiyo mwimbaji wao H.R., ambaye tayari ana sauti ya juu, anaishia puani. Walioijua bendi kwa CD hii peke yake ndio wanaosema Bad Brains walikuwa wanakimbia kupita kiasi. Hukumu hiyo waiweke kiporo mpaka wasikie ya 1983.

Lakini kabla ya kuilaumu CD, pima kwanza mashine ya santuri ya rafiki yako, kwa sababu mkanda wa mpira uliolegea huifanya iende pole. Bandika kipande kidogo cha karatasi kwenye lebo ya santuri, washa saa ya simu, hesabu mizunguko. Kwa kasi ya 33 na theluthi moja, mizunguko 100 inapaswa kukamilika kwa dakika 3 kamili. Kwa 45, ni mizunguko 135 kwa dakika hizohizo 3. Ikichelewa sekunde mbili kwa mizunguko 100, kosa ni asilimia moja na ushee, sikio la kawaida halilisikii. Ikichelewa sekunde kumi, badilisha mkanda.

Mashine ikiwa salama, CD unaweza kuirudisha chini mwenyewe. Ingiza wimbo mmoja kwenye kompyuta kwa programu ya Audacity. Pima muda kutoka pigo la kwanza la dramu hadi la mwisho. Usichukue muda ulioandikwa kwenye jalada, kwa sababu unahesabu na ukimya wa mwishoni. Pima vivyo hivyo kwenye santuri. Tuseme CD imetoa sekunde 114 na santuri 120. Gawanya 114 kwa 120, unapata 0.95, maana yake punguza kasi kwa asilimia 5. Tumia kifaa kinachobadilisha kasi na kimo cha sauti (wembamba au unene wake) kwa pamoja. Ukitumia kile kinachobadilisha mwendo pekee, wimbo utapungua mbio lakini katuni itabaki katuni.

Hutapata albamu ya 1983 kwa njia hii. Dramu zimechanganywa upya na mwangwi wake ni mwingine. Utapata tu sauti ya binadamu.

Sisi huku tunapenda rege. Mbona Bad Brains wanakatiza nyimbo zao za kasi kwa rege? Mimi huruka zile za kelele, rafiki yangu huruka zile za rege. Nani mwenye haki? — Arusha

Nyote wawili mnakula nusu sahani. Chukueni kaseti yao ya kwanza, ile ya jalada la manjano lenye radi inayopiga jengo la Bunge la Marekani, iliyotolewa na kampuni ya ROIR mwaka 1982. Nyimbo tano za mwanzo zinakwenda bila kupumua, ya sita ni "Jah Calling", ya nane "Leaving Babylon", na karibu na mwisho iko "I Luv I Jah". Hazikuwekwa kwa bahati. Kwenye rege yao dramu inaacha pigo la kwanza wazi na besi ndiyo inayoongoza. Kwenye hadikoo kila pigo limejazwa. Sikio lililokaa dakika chache kwenye nafasi tupu linaupokea wimbo wa kasi unaofuata kama kofi. Ukiruka rege, ule wa kasi unakuwa mwendelezo tu, na baada ya nyimbo nane unachoka bila kujua kwa nini.

Kuhusu uwezo: hawa walianza kama bendi ya jazi ya kuchanganya, wakiitwa Mind Power. Vidole vyao vilikuwa tayari vimefundishwa kabla hawajakutana na panki, na ndiyo sababu mbio zao hazitawanyiki. Sikilizeni "Pay to Cum", wimbo usiofika dakika moja na nusu, mkimfuata Earl Hudson kwenye dramu. Hakosi hata pigo moja, na pale bendi inapokata ghafla wote wanne wanatua pamoja.

Nina miaka mingi na Black Flag. *Damaged* naipenda, lakini *My War* naiacha kila nikifika Upande B. Nyimbo tatu, zote za kukokota. Watu wanaosema hiyo ndiyo albamu muhimu zaidi wanajifanya, au kuna kitu sijakishika? — Mzee wa santuri, Dar es Salaam

Kipo, mzee wetu, na si aibu kukichelewa. Mashabiki wa 1984 wenyewe walizomea.

Tuangalie kwanza ilikotoka. Baada ya *Damaged*, kampuni kubwa iliyotakiwa kuisambaza iliikataa, mkubwa wake mmoja akisema ni albamu ya kuwapinga wazazi. Ukafuata ugomvi wa mahakamani na kampuni ya rekodi ya Unicorn, na bendi ikazuiwa kutoa kitu kwa jina lake. Mwaka 1982 walitoa mkusanyo wa *Everything Went Black* bila jina la bendi kwenye jalada, majina ya wanamuziki tu, na bado Ginn na mpiga besi Chuck Dukowski wakaenda jela siku chache kwa kudharau amri ya mahakama. Mambo yalipofunguka, kulikuwa na nyimbo za miaka miwili zimerundikana na bendi imepukutika. Dukowski alikuwa ameondoka. *My War* ilirekodiwa bila mpiga besi: Ginn alipiga besi mwenyewe, na jalada likamtaja "Dale Nixon", mtu asiyekuwepo. Dramu ni za Bill Stevenson wa Descendents.

Kwa hiyo unaposikiliza albamu hii unasikia gitaa na besi vya mtu mmoja, wala havijibizani kama kwenye *Damaged*. Vinasukumana. Kwenye Upande A hilo linafichwa na mwendo. Upande B hakuna pa kulificha. "Nothing Left Inside", "Three Nights" na "Scream", kila mmoja umepita dakika 6, unakwenda kama fuso la saruji likipanda Kitonga: gia ya kwanza, injini inalia, nyuma foleni. Stevenson ndiye mwenye kazi ngumu. Kupiga haraka ni nguvu, kupiga polepole kiasi hicho bila kuharakisha ni nidhamu. Pima kwa mguu wako mwenyewe: gonga sakafu pamoja na dramu ndogo kwa dakika mbili. Utajikuta unalitangulia pigo. Yeye anachelewa kidogo kuliko mwili wako unavyotaka, na mateso ya wimbo yametengenezwa hapo, kwenye upenyo huo kati ya pigo unalolitegemea na pigo linalofika.

Sasa namna ya kulisikiliza. Kosa kubwa ni kulisikiliza kama mwendelezo wa Upande A. Kwenye santuri ilibidi uinuke, uigeuze, urudi kukaa. Programu za muziki za leo zinakuunganishia "The Swinging Man" na "Nothing Left Inside" bila hata pumzi. Ukimaliza wimbo wa sita, zima. Kafanye kitu kingine. Upande B upewe siku yake, usiku, sauti ikiwa juu kiasi cha kuisikia besi kifuani, na usianze na wimbo wa kwanza bali na wa mwisho, "Scream", kisha urudi nyuma. Yeyote aliyewahi kusikia Melvins, au zile bendi zote nzito za kukokota zilizofuata, atatambua mara moja kwamba amekutana na babu yao.

Upande A tutasema ukweli: ndio dhaifu. Wimbo wenye jina la albamu ni wa Dukowski na ni moto, lakini nyimbo kadhaa zinazofuata zinasikika kavu. Tafuta rekodi za majaribio za 1982, zilizofanywa na Chuck Biscuits kwenye dramu, Dukowski kwenye besi na magitaa mawili. Zimezunguka kwa mikono ya mashabiki miaka yote. Nyimbo kadhaa ni zilezile, ila zina damu. Msikilizaji aliyesikia rekodi zile pamoja na Upande B ameisikia *My War* ambayo ingeweza kuwepo.

Angalizo dogo: ukiwahi kuupenda Upande B tangu mara ya kwanza, angalia swichi ya mashine. Huenda iko kwenye 45.

Napiga dramu kwenye bendi ya vijana. Wenzangu wanataka nipige "kama Discharge". Nikipiga inatoka kama muziki wa kanisani uliokimbizwa. Nakosea wapi? — Kampala

Unaweka teke kwenye pigo la tatu. Toa.

Discharge ni Waingereza wa Stoke-on-Trent, na albamu yao ya 1982, *Hear Nothing See Nothing Say Nothing*, ndiyo kitabu cha mdundo huu, ambao mashabiki wanauita mdundo wa D kwa herufi ya kwanza ya jina la bendi. Hesabu "moja na, mbili na, tatu na, nne na". Teke lipige kwenye moja, kwenye "na" ya mbili, na kwenye "na" ya tatu. Dramu ndogo ipige kwenye mbili na nne. Basi. Pigo la tatu lenyewe linabaki tupu kwa miguu, na tobo hilo ndilo linaloufanya mdundo uonekane unaanguka mbele kila mara. Ukiliziba, mdundo unasimama wima na unarudi kanisani.

Anza na mapigo 100 kwa dakika kwa kutumia metronomu, yaani mashine ya kuhesabia mapigo, mkono wa tasa ukigonga manane yote. Ukiweza dakika tatu bila kukosea, ongeza 5. Usiongeze 20 kwa tamaa. Kinachoharibika kwanza karibu siku zote ni lile teke la "na" ya tatu: linasogea nyuma polepole hadi linatua kwenye tatu yenyewe, na hutajua mpaka ujirekodi. Kinachofuata ni kifundo cha mguu kukaza. Kiti kikiwa chini sana paja linabeba kazi ya kifundo. Kipandishe hadi goti liwe chini kidogo ya nyonga. Mwambie na mpiga gitaa apige chini na juu kwa usawa, asipige chini peke yake, la sivyo mtavutana.

Dada yenu nauliza: *Zen Arcade* ya Hüsker Dü inasifiwa sana, lakini kwangu inasikika nyembamba kama redio ya mbao. Nakala mbovu? — Zanzibar

Nakala ni nzima, dada. Ndivyo ilivyo. Nyimbo 23 za santuri mbili, kazi yote ikachukua saa 85 hivi na kama dola 3,200, na karibu kila wimbo ulichukuliwa kwa jaribio la kwanza. Gitaa la Bob Mould limejaa sehemu ya juu, besi imekaa nyuma. Tumia ikwalaiza: punguza desibeli 3 kwenye eneo la kilohezi 3 hadi 4, ongeza 2 au 3 kwenye hezi 100. Usiongeze zaidi ya hapo, besi haitatokea, utavuta mngurumo tu.

Halafu usijilazimishe dakika 70 kwa mkao mmoja. Ziko pande nne. Sikiliza upande mmoja kwa siku. Wimbo wa mwisho una karibu dakika 14 za vyombo vitupu, na ni halali kabisa kutoupenda.

Nimepata santuri ndogo ya Minor Threat "ya kwanza kabisa, 1981" kwa muuzaji wa mtandaoni. Bei yake ni kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Ninunue? — Eldoret

Kaa nayo mbali hadi akutumie picha hizi: jalada mbele, jalada nyuma, lebo pande zote mbili, na ukingo laini ulio kati ya wimbo wa mwisho na lebo, akiinamishia taa pembeni. Kwenye ukingo huo kuna maandishi yaliyokwaruzwa kwa mkono kiwandani, nayo yanatakiwa yabebe namba ya toleo. Kampuni yao ya rekodi, Dischord, ilihesabu kwa mpangilio: Teen Idles ni 1, Minor Threat ya kwanza ni 3, *In My Eyes* ni 5, *Out of Step* ni 10. Muuzaji akisema toleo la 3 na maandishi yakasema kitu kingine, mazungumzo yameisha.

Jalada linaonyesha kijana aliyekaa kwenye ngazi akiinamisha kichwa. Ni Alec, mdogo wake Ian MacKaye, mwimbaji wa Minor Threat. Mtazame kwa karibu. Feki nyingi hutengenezwa kwa kupiga picha jalada la asili, hivyo vivuli hujikusanya, mikunjo ya nguo inageuka doa moja jeusi, na herufi ndogo za nyuma zinavimba. Mistari-namba ya bei dukani ikiwepo kwenye jalada, si ya 1981 hata aape. Rangi ya jalada peke yake isikuamulie, maana santuri hii ilichapwa tena na tena kwa rangi tofauti, na rangi ndiyo kitu rahisi zaidi kuiga.

Ushauri wetu: lipa kodi. *Complete Discography* ya 1989 ina nyimbo zote 26, na muziki ni uleule.

Hamjambo? Kuna hadikoo ya huku kwetu Afrika, ama tutaendelea kusikiza ya wazungu tu? — Nairobi

Kwanza Bad Brains ni Wamarekani weusi, na bila wao nusu ya hizo bendi za wazungu zisingejua kukimbia. Ila tumekuelewa. Hapohapo mjini kwako kuna Crystal Axis, panki ya magitaa yenye wimbo uitwao "Leopold", kuhusu yule mfalme wa Ubelgiji na aliyoyatenda Kongo. Tafuta pia Duma, yaani Martin Khanja na Sam Karugu, ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Usiwaze mnyama: jina ni la Kigikuyu, maana yake giza. Dramu zao ni za kompyuta na zinakwenda kasi ambayo mguu wa mtu hauifikii, kwa hiyo mwenye kutafuta bendi ya watu wanne chumbani atapotea. Sauti ya Khanja ndiyo ya kushika kama uzi. Kusini kuna National Wake wa Johannesburg, weusi na weupe kwenye bendi moja wakati wa ubaguzi, albamu 1981. Hao ni panki na rege kuliko hadikoo, lakini anayeipenda kaseti ya manjano ya Bad Brains hatapata shida.

Bendi gani zilichukiwa kwa kubadilika, na zinastahili msamaha? — Bujumbura

*Into the Unknown* ya Bad Religion, 1983: vinanda na nyimbo ndefu, mashabiki wakaikimbia, bendi yenyewe ikarudi mwaka 1985 na santuri iliyoitwa *Back to the Known*, kama mtu anayeomba radhi. Sikiliza upya, nyimbo zimeandikwa vizuri. *I Against I* ya Bad Brains, 1986, ilishutumiwa kwa kupunguza mbio. Leo tunaiona ndiyo albamu yao iliyopangwa vizuri kuliko zote, na sauti ya H.R. kwenye "Sacred Love" ilirekodiwa kwa simu kutoka jela, isikilizeni kwa kujua hivyo. *Grave New World* ya Discharge, 1986? Hapana. Mwimbaji aliyekuwa akibweka ameanza kupiga mayowe ya juu bila kuwa na koo la kazi hiyo. Tumeirudia, bado hapana.

Nina ile kaseti ya ROIR ya Bad Brains, ilikaa kabatini miaka mingi. Inalia kama panya na sauti imefifia. Nifanyeje kabla haijafa? — Tanga

Usiicheze tena hadi uikague. Ishike kwenye mwanga: ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, ni ukungu wa unyevu wa pwani, na ukiucheza utauhamishia kwenye mashine na kaseti zako zote. Ukungu hufutwa kwa pamba kavu, utepe ukizungushwa polepole kwa kalamu ya Bic, nje ya nyumba na pua imefunikwa.

Kama hauna ukungu, mlio wa panya mara nyingi ni utepe uliojibana kwenye roli zake. Izungushe haraka hadi mwisho, kisha uirudishe hadi mwanzo, mara mbili. Utepe ukiendelea kulia, hamishia roli kwenye ganda la kaseti nyingine lenye skrubu tano. Ukifungua liweke gorofa mezani, uchore njia ya utepe kwenye karatasi kabla hujagusa kitu.

Sauti kufifia kuna sababu tatu. Angalia ile pedi ndogo ya sponji juu ya bati katikati: ikidondoka, utepe haugusi kichwa cha kusomea. Chukua pedi ya kaseti isiyo na thamani, ibandike kwa tone dogo la gundi, subiri siku nzima. Pili, safisha kichwa na kijiti cha chuma kinachovuta utepe kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Roli ya mpira ifute kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa sababu spiriti huikausha ikapasuka. Tatu, pembe ya kichwa. Pembeni mwake kuna skrubu mbili, moja ina springi. Weka alama ya wino mahali ilipo, cheza wimbo wenye matasa mengi, "Sailin' On" unafaa, kisha izungushe hiyo ya springi kidogokidogo, robo ya robo ya mzunguko. Simama pale matasa yanapong'aa zaidi. Ukizidisha yanafifia tena, rudi.

Ikishasikika vizuri, iingize kwenye kompyuta siku hiyohiyo, usiache ya kesho. Kilele cha sauti kisipite desibeli 6 chini ya kikomo, rekodi pande zote mbili bila kusimamisha, hifadhi kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti. Ukimaliza, rudisha skrubu kwenye alama yako ya wino, la sivyo kaseti zako nyingine zote ndizo zitakazofifia.